Kuchora Magofu ya Maboma ya Zamani: Shauri kwa Wachoraji wa Kibera na Kawangware

Watu wengi wakisikia habari za ngome za kale huikumbuka Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, na kuta zake nene za matumbawe zinazotazama bahari. Hudhani kwamba anayetaka kuchora magofu hana budi kupanda gari moshi mpaka pwani, na kwamba mji wa Nairobi, kwa kuwa ni mji wa juzi, hauna la kuchorwa isipokuwa majumba marefu na barabara. Fikira hiyo si sahihi. Mahali palipojengwa mojawapo ya maboma ya kwanza ya bara si mbali na Kawangware. Na Kibera yenyewe isingekuwako kama si wale askari waliolinda maboma ya mpakani zamani za babu zao.

Makala haya yanaeleza mambo matatu: maboma hayo yalikuwa nini, kwa nini yafaa yachorwe sasa na vijana wa mitaa hiyo miwili, na namna mchoraji asiye na fedha nyingi awezavyo kuifanya kazi hiyo vizuri.

MABOMA YA DAGORETTI NA KABETE

Mwezi wa Oktoba mwaka 1890 Kapteni Frederick Lugard, aliyeitumikia Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alifika katika nchi ya Wakikuyu akiwa safarini kwenda Uganda. Misafara ya siku zile ilikuwa na mamia ya wapagazi, na wapagazi lazima wale. Mbele yao palikuwa na safari ndefu ya Bonde la Ufa, ambako chakula kilikuwa haba. Lakini Wakikuyu walikuwa wakulima hodari, wenye viazi, maharagwe na mtama kwa wingi. Basi Lugard alijenga boma Dagoretti, akapatana na Waiyaki wa Hinga, mtu mkuu wa sehemu zile, wakala kiapo cha udugu. Kusudi la boma lilikuwa kununua chakula na kukiweka akiba kwa misafara.

Lugard alipokwisha kuondoka, mapatano yale hayakudumu. Askari na wapagazi wa Kampuni walianza kuchukua mazao ya watu bila malipo, na wenyeji wakakasirika. Mwaka 1891 waliokuwa ndani walilazimika kulihama boma la Dagoretti, nalo likachomwa moto. Mwaka huo huo Meja Eric Smith alijenga boma jingine Kabete, lenye nguvu zaidi, likizungukwa na handaki. Boma hilo likaitwa Fort Smith.

Mwezi wa Agosti mwaka 1892 Waiyaki alikwenda Fort Smith, pakatokea ugomvi baina yake na Bwana Purkiss, aliyekuwa mkuu wa boma. Waiyaki alijeruhiwa kichwani, akafungwa minyororo, kisha akapelekwa kwa njia ya pwani. Hakufika pwani. Alifariki Kibwezi. Watu wa Kampuni waliandika kwamba alikufa kwa jeraha lake. Masimulizi ya Wakikuyu, yaliyopokewa kizazi baada ya kizazi, husema kwamba alizikwa akiwa hai.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, kazi ya misafara ya miguu ilikwisha, na kazi ya boma ikapungua pamoja nayo. Miti ilioza, handaki likajaa udongo, mashamba yakasogea karibu. Yaliyobaki juu ya ardhi leo ni machache sana.

ASILI YA KIBERA

Habari ya Kibera huanzia mbali zaidi, katika kingo za Mto Nile. Mwaka 1872 Samuel Baker, akiwa katika utumishi wa mtawala wa Misri, alijenga ngome ya mawe Patiko, upande wa kaskazini wa Gulu katika nchi ya Uganda. Baadaye zilijengwa ngome nyingine kando ya mto, kama vile Dufile na Wadelai, na jimbo lile likawa chini ya Emin Pasha. Vita vya Mahdi vilipolikata jimbo hilo na Misri, askari wa Emin walibaki peke yao. Mwezi wa Novemba mwaka 1888 walishambuliwa katika ngome ya Dufile, wakapigana mpaka wakawarudisha adui.

Emin mwenyewe aliondoka na Stanley, wakafika Bagamoyo mwaka 1889. Askari wengi walibaki nyuma na wake zao na watoto wao, chini ya Selim Bey. Mwaka 1891 Lugard aliwakuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua na kuwaweka katika maboma aliyoyajenga upande wa Toro. Tangu hapo walitumwa huku na huku kulinda mipaka ya watawala wapya. Mwaka 1897 baadhi yao waliasi, kwa sababu ya mshahara mdogo na safari zisizokwisha, na mapigano makali yakatokea katika ngome ya Luba, nchi ya Busoga.

Jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902, askari hao na wana wao walikuwa miongoni mwa watu wake. Waliostaafu walipewa mahali pa kukaa katika msitu ulio karibu na Nairobi, nao wakapaita Kibra, yaani msitu katika lugha ya Kinubi. Mwaka 1918 mahali hapo palitangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, eka 4,197. Sehemu kubwa ya eka hizo iliwaponyoka kwa miaka iliyofuata, na mpaka mwaka 2017 ndipo jamii ya Wanubi ilipopewa hati ya umiliki, ya eka 288.

KWA NINI YACHORWE

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa boma lilikuwa mahali pa dhuluma, kwa nini tulichore? Na ikiwa limekwisha kuoza, tutachora nini?

Swali la kwanza lina jibu lililo wazi. Gofu halisifiwi kwa kuchorwa. Shahidi akiitwa barazani hasifiwi wala halaumiwi. Hutakiwa aseme aliyoyaona. Magofu nayo ni mashahidi, na maboma ya bara ni mashahidi dhaifu kuliko ngome za pwani. Fort Jesus ni ya mawe. Ilitumika kuwa gereza mpaka mwaka 1958, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Maboma ya bara yalijengwa kwa udongo na miti. Mvua huyala, mchwa huyala, na siku hizi matrekta ya wajenzi wa nyumba huyala upesi zaidi. Handaki lililodumu miaka mia moja na thelathini laweza kusawazishwa kwa asubuhi moja.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Picha za maboma ya bara zilizochapwa vitabuni katika miaka ya 1890 zilitoka, aghalabu, mikononi mwa wageni wenyewe. Aliyechora alikuwa ndani ya boma au amekuja kwa amani ya walio ndani. Boma huonekana kubwa, bendera iko juu, na watu wa nchi ni vidoa vidogo mbali, au hawamo kabisa. Picha ya mtu aliyesimama nje, kikapu cha viazi kichwani, akilitazama lango na kujiuliza kama leo atalipwa, ni nadra mno kuonekana.

Ndiyo maana twasema kwamba kazi hii yawafaa hasa vijana wa Kibera na Kawangware. Wamo Kibera wajukuu wa watu waliosimama zamu ndani ya maboma. Wamo Kawangware na mashambani Dagoretti wajukuu wa watu waliokuwa nje ya handaki. Na wamo katika mitaa yote miwili Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii na wengineo, ambao mababu zao walikuwa na habari zao na maboma mengine, au walijenga ngome zao wenyewe. Thimlich Ohinga, katika kaunti ya Migori, ina kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala matope, nazo zimesimama kwa karne nyingi. Mwaka 2018 ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Basi asidhani mtu kwamba ngome ni jambo la Wazungu peke yao.

Mjukuu wa aliyekuwa ndani na mjukuu wa aliyekuwa nje wakikaa mahali pamoja, kila mmoja na ubao wake, wakachora handaki lile lile, picha zao hazitafanana. Wakiziweka pamoja, watu watapata habari kamili zaidi kuliko ile iliyomo katika kitabu kimoja.

NAMNA YA KUFANYA KAZI

Kwanza, uliza kabla hujachora. Mahali pengi penye magofu ni shamba la mtu, au shule, au kanisa. Mwenye shamba akiombwa kwa adabu huruhusu, na mara nyingi ndiye ajuaye lilipopita handaki, kwa kuwa jembe lake hupakuta penye udongo laini. Kaa na wazee uwasikilize kabla ya kutoa penseli. Andika waliyosema. Kwa Fort Smith, mtu aliye Kawangware apita Kangemi au Uthiru kuelekea Kabete. Haihitaji nauli kubwa.

Pili, usichukue kitu. Jiwe, tofali, msumari au kigae cha chungu kikiondolewa mahali pake hakiwezi tena kutoa habari. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 huvilinda vitu vya namna hiyo. Ukikuta kitu, kichore pale kilipo, kisha uwaarifu watu wa Makumbusho ya Taifa.

Tatu, chagua saa. Gofu la udongo halionekani jua likiwa utosini, maana hakuna kivuli. Enda mapema, jua likiwa chini, au rudi saa kumi na moja jioni. Wakati huo kila mwinuko hutupa kivuli, na handaki lililojaa majani huonekana kama mstari mweusi shambani. Mchoraji wa magofu ya udongo huchora vivuli kwanza, ndipo huchora vitu.

Nne, weka kipimo. Handaki lisilo na mtu wala mti kando yake halijulikani kina chake. Mwombe mwenzako asimame ndani yake, umchore. Katika karatasi nyingine pima kwa hatua urefu wa kila upande, uandike. Picha nzuri bila vipimo hupendeza. Picha yenye vipimo itamsaidia mtafiti hata kama gofu limekwisha kutoweka.

Tano, tumia rangi za mahali penyewe. Rangi za mafuta na za maji za madukani ni ghali kwa vijana wengi, lakini udongo wa Kabete ni mwekundu sana, na haununuliwi. Mwombe mwenye shamba kiganja kimoja cha udongo wa shambani, mbali na handaki lenyewe. Uanike, uutwange, uuchunge kwa kitambaa chepesi mara mbili. Kisha loweka utomvu wa mgunga, ule utokao kaunti za kaskazini, katika maji ya vuguvugu usiku kucha, ukauchanganye na unga ule mpaka uwe kama uji mwepesi. Asiyepata utomvu na atumie kiini cha yai na maji kidogo. Makaa yaliyosagwa hutoa rangi nyeusi, na chokaa hutoa nyeupe. Rangi ya udongo ikiwa mbichi huonekana nzito, ikikauka hufifia. Kwa hiyo jaribu kwanza katika kipande cha karatasi, ukingoje kikauke. Kwa ubao, mbao za masanduku na magunia yaliyopakwa gundi yatosha.

Sita, andika nyuma ya picha jina la mahali, tarehe, saa, na upande uliokuwa ukitazama. Jambo hili ni dogo, lakini picha isiyo na tarehe ni kama barua isiyo na sahihi.

YALIYOBAKI NA YASIYOONEKANA

Shida kubwa ya mchoraji wa magofu ni hii: achore kinachoonekana tu, au pia kilichokuwako? Shauri letu ni kwamba asivichanganye vitu hivyo viwili kwa siri. Akichora shamba la leo na handaki lake, na alichore kama lilivyo, na mahindi yake na waya wa umeme unaopita juu. Akitaka kuonyesha boma lilipokuwa zima, na alichore katika karatasi ya pili, aandike kwamba hiyo ni dhana yake, na ametoa wapi habari zake. Mtazamaji apewe haki ya kujua lipi lilionwa kwa macho na lipi limefikiriwa.

Lakini ziko njia za kuonyesha kisichoonekana pasipo kudanganya. Mchoraji Mwingereza J. M. W. Turner alipokuwa kijana alikwenda katika milima ya Wales, nchi iliyopigana na wafalme wa Uingereza kwa muda mrefu, akachora gofu la ngome ya Dolbadarn. Katika ngome hiyo, kwa masimulizi ya Wales, Owain Goch alifungwa na ndugu yake kadiri ya miaka ishirini. Turner alipoionyesha picha hiyo London mwaka 1800 aliandika beti za kumkumbuka mfungwa huyo. Picha ina mnara juu ya jabali na mwanga nyuma yake, na chini kabisa watu wadogo gizani. Anayeitazama huyasikia majonzi ya mahali pale hata kabla hajaelezwa habari yake. Waiyaki naye alifungwa katika boma. Ni nani amechora handaki la Kabete kwa namna ya kumkumbusha mtazamaji minyororo ile?

Mfano ulio karibu zaidi uko Murang'a, mji ambao hapo zamani uliitwa Fort Hall, kwa jina la Francis Hall, aliyekuwa kwanza Fort Smith, kisha akafariki huko mwaka 1901. Katika kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesomea uchoraji Makerere, alichora ukutani mwaka 1959 picha tano za maisha ya Yesu. Hakuchora nchi ya ugenini. Alichora vilima, miti, nyumba na watu wa nchi ile ile wanayoiona waumini wakitoka mlangoni. Katika mji uliopewa jina la boma, mchoraji Mwafrika aliitazama nchi kwa macho ya wanaoishi ndani yake. Mwaka 1965 alianzisha Paa ya Paa hapa Nairobi, mahali pa wasanii kukutana.

Wala Kibera haina upungufu wa mikono. Tangu mwaka 2001 wako Maasai Mbili, kundi lililoanzishwa na waandishi wa vibao vya maduka, watu waliojifunza rangi kwa kazi ya mkate. Na wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa mwaka 2007, Solomon Muyundo, ajulikanaye kwa jina la Solo Seven, alipita akiandika maneno ya amani katika kuta na mabati ya Kibera. Kuta zile nazo zilikuwa mipaka: huku watu wa namna hii, kule watu wa namna ile. Aliyeweza kuandika amani katika ukuta wa namna hiyo anajua tayari handaki ni nini.

SHAURI LA MWISHO

Walimu wa shule za Kibera na Kawangware wanaweza kuanza kwa safari ya siku moja. Wachukue watoto kumi wa kila mtaa, penseli na karatasi, na mzee mmoja ajuaye habari. Nusu yao wakae mahali palipokuwa ndani ya boma watazame nje. Nusu wakae nje watazame ndani. Baada ya saa moja wabadilishane. Jioni picha zote zibandikwe katika ukuta mmoja, kila mtoto aeleze aliyoyaona kutoka kila upande.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, bali yahitaji kufanywa mapema. Shamba likiuzwa na msingi wa nyumba ukichimbwa, hakuna rangi itakayolirudisha handaki. Na wazee nao hawangojei. Mwenye penseli na aanze Jumamosi hii.